Waya wa sabufa unavyogawa tundu la drams za umeme

Moduli yangu ya drams za umeme, yaani kile kisanduku kinachotoa sauti ukipiga pedi, ina matundu machache kuliko pedi ninazotaka kupiga. Wenzangu wa hapa Mtwara wanaopigia seti za mtumba wanalijua hili: unataka kuongeza tomu au kengele, ukigeuza moduli unakuta kila tundu lina mwenyewe. Dawa yake ni kebo ya kugawa, yenye pini moja nene ya stereo upande mmoja na miunganisho miwili ya mono upande wa pili. Ukiiulizia dukani kwa jina la drams, muuzaji anakuangalia tu. Ukiiagiza nje ya nchi, nauli inaizidi bei kebo yenyewe.

Ila kebo hiyo haina siri yoyote ya drams. Mafundi wa sauti wanayo miaka yote, wanaiita inseti, na wanaichomeka kwenye mikisa kupeleka sauti kwenye kifaa cha nje na kuirudisha. Mkiwa na kwaya yenye mikisa kubwa, chungulieni kwanza kwenye sanduku la nyaya kabla ya kutoa hela.

Ukikosa huko, nenda duka lolote la vifaa vya simu pale mjini. Mimi huomba hivi: "Kaka, waya wa sabufa upo? Nipe ule mnene." Ni ule wa pini ndogo ya milimita 3.5, wenye vichwa vyekundu na vyeupe upande wa pili. Kila nyumba yenye sabufa inao, na kwa bei yake hata mwanafunzi anaumudu.

Shika ile pini uitazame kwa karibu. Mistari miwili ya plastiki inakigawa chuma vipande vitatu. Kwenye pedi ya kanda mbili, yaani inayotoa sauti moja katikati na nyingine pembeni, ncha hubeba pigo la ngozi, kipande cha katikati hubeba pigo la ukingo, na shina ni athi ya yote mawili. Kwenye waya wa sabufa, ncha inakwenda kichwa cheupe na katikati inakwenda chekundu. Mpangilio ni uleule! Kata vile vichwa, menya ganda, utakuta nywele za shaba zimezunguka uzi mwembamba wenye ganda lake. Uzi wa ndani unalehemiwa kwenye duara jeupe la piezo, kile kisahani ndani ya pedi kinachogeuza pigo kuwa umeme, nywele za nje kwenye kisahani cha shaba ya njano. Lehemu haraka, maana lile duara jeupe halivumilii pasi ya kulehemia ikikaa. Upande wa moduli unaongeza adapta ya kutoka 3.5 kwenda 6.35, na hakikisha nayo ina mistari miwili. Yenye mstari mmoja ni ya mono, itaua pedi ya pili.

Usitumie waya wa hedifoni za masikioni. Nyuzi zake zimepakwa rangi na kusokotwa na nailoni, risasi haishiki mpaka uzichome kwanza, na hauna kinga ya kuzuia mvumo. Achana pia na kebo ya kugawia hedifoni watu wawili. Kwa nje inafanana na tunayoitaka, lakini ndani inapeleka sauti zilezile pande zote mbili. Mita ya umeme inaziumbua: gusa ncha ya pini, kisha gusa miunganisho miwili mmoja mmoja. Inatakiwa ilie upande mmoja tu.

Kabla ya kununua chochote, soma kitabu cha moduli yako, kwa sababu hapa ndipo hela zinapopotea. Tundu linalopokea piezo mbili linagawika vizuri. Lakini matundu mengi, hasa ya sahani, upande wa ukingo yanasubiri swichi, na ukipeleka piezo pale hupati kitu. Hata Roland, watengenezaji wa drams za umeme, wana za aina zote mbili: pedi ya PD-125 ina piezo mbili, sahani zao nyingi zina piezo na swichi.

Halafu chagua vizuri za kuoanisha. Moduli inaamini hizo ni sehemu mbili za ngoma moja, kwa hiyo ukizipiga pamoja inaweza kuitoa moja na kuimeza nyingine. Kiki na sahani ya krashi zisikae tundu moja kabisa, maana tunazigonga pamoja karibu kila wimbo. Mimi nimeoanisha tomu ya chini na kengele, na hazijagombana.

Hewa yetu ya bahari nayo ina kazi yake. Pini za bei rahisi huku huota kutu ya kijani, na pedi inaanza kuruka mapigo. Pamba yenye spiriti kidogo inatosha. Futa pini, futa na adapta, acha zikauke ndipo uchomeke. Na kila mkia ufunge plasta uandike jina la pedi, kwa sababu ukifika ukumbini usiku nyaya zote ni nyeusi.