Betta wangu hakuwa mgonjwa, mkia ndio ulimzidi

"Muwekee pampu kubwa aogelee dhidi ya mkondo, misuli itakaza." Huo ndio ushauri niliopewa dukani nilipouliza kwa nini betta wangu, samaki mdogo wa tangini mwenye mkia wa aina ya waridi, anapiga mkia mara kumi ili asogee kiganja kimoja, kisha anazama mkia kwanza. Niliufuata siku nne. Mwenye samaki wa namna hii asiufuate hata saa moja.

Betta wa porini kule Thailand ana mkia mfupi, na vijiti vya pezi lake la mkia vina ncha mbili mbili tu. Wafugaji wakachagua kizazi hadi kizazi wakapata mkia wa nusu mwezi, unaofunguka nyuzi 180, wenye ncha nne au nane kwa kila kijiti. Waridi amevuka hapo: matawi ni mengi mno, pezi halipati nafasi ya kunyooka, linajikunja kama marinda. Lakini shina la mkia, penye misuli ya kusukuma, halikunenepa pamoja nalo. Ncha zile laini huburutwa nyuma ya pigo bila kusukuma maji. Na kasi ya mkondo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayomvuta samaki nyuma huongezeka karibu mara nne. Mazoezi yatamsaidia nini, wakati uzito wenyewe umo kwenye vinasaba?

Siku ya kwanza alijibanza nyuma ya chujio. Ya pili mkia ulinaswa kwenye tundu la kunyonya maji. Nikazima, nikamnasua, nikalivika tundu sponji, nikawasha tena. Asubuhi ya nne kipande cha mkia hakipo: pengo la mviringo, safi, kama biskuti iliyong'atwa. Nilishashika chupa ya dawa nikidhani mapezi yanaoza, ila nikammulika kwa tochi kwanza. Pezi linalooza huwa na ukingo mweusi, mwekundu au mweupe unaochanikachanika, nalo hupungua kidogo kidogo. Hili lilikuwa limeondoka usiku mmoja na ukingo hauna rangi yoyote. Alikuwa amejitafuna mwenyewe. Betta wenye mapezi mazito hufanya hivyo wakilemewa. Dawa ikarudi kabatini.

Bado nilitaka kuondoa shaka ya kibofu cha hewa, kiungo kinachomsaidia samaki kuelea. Nikachukua beseni, nikatia maji ya tangi lake kina cha sentimita 8, nikamwacha dakika kumi. Mwenye kibofu kibovu mara nyingi huelea upande, au hukwama juu bila kupiga pezi. Wangu alitua chini akiwa wima, akapanda moja kwa moja kuvuta hewa, akashuka tena. Basi, kina ndicho kilichokuwa kinamchosha. Betta lazima aje juu kupumua, kwa hiyo kila sentimita unayoongeza analipia kwa pumzi.

Tangi lake ni la lita 20. Niliteremsha maji hadi sentimita 15. Pampu kubwa nikaitoa, nikaweka chujio la sponji lenye koki ndogo kwenye mpira wa kupitishia hewa, nikaikaza hadi viputo vikatoka kimoja kimoja. Sentimita 4 chini ya uso wa maji nikafunga anubias, mmea wa majini wenye majani mapana, ili apate pa kulala bila kuzama. Ukinunua majani ya bandia, yapitishie soksi nyembamba ya kike kwanza; yakiikwaruza, yatalichana pezi. Vyote havikufika bei ya samaki mwenyewe.

Kubadili maji ni robo, mara mbili kwa wiki. Huku Dar tangi hukaa nyuzi 27 lenyewe, hita sikuhitaji. Nilitia na jani moja kavu la mti wa mkungu, la ukubwa wa kiganja, lililookotwa mbali na barabara na kuoshwa. Maji huwa rangi ya chai, na hiyo ni sawa. Nalibadilisha kila baada ya wiki mbili au tatu.

Chakula ndicho kilichonisumbua zaidi. Punje zikisambaa hazifikii, zinazama na kuoza. Nilikata mpira wa hewa sentimita 20, nikaunganisha ncha mbili kwa kiungio, pete ikaelea juu ya lile jani la kulalia. Punje tatu asubuhi, tatu jioni, zote ndani ya pete. Siku ya tatu alikuwa anaisubiri pete kabla sijafungua kifuniko.

Mkia ulirudi kwa wiki sita hivi. Sehemu mpya huanza kwa uangavu kama plastiki, rangi hufuata. Ila ulirudi na matawi yaleyale, na uzito uleule, kwa hiyo kina nimekiacha hapohapo.

Kwa kuzalisha, waridi na waridi sichanganyi. Hutoka wadogo wa mwili, wenye magamba pungufu. Dume wa waridi mara nyingi hata kumkumbatia jike chini ya kiota cha povu hawezi, mapezi yanamzuia. Wapo pia betta wa mikia miwili; hicho ni kinasaba kinachojificha, hivyo hata wazazi wenye mkia mmoja wanaweza kukitoa, na ukiwaoanisha wa mikia miwili wenyewe kwa wenyewe mara kwa mara utapata miili mifupi na migongo iliyopinda. Jike ninayemtafuta sasa ni wa plakati, yaani betta wa mapezi mafupi, ncha nne kwa kijiti, mgongo ulionyooka. Dume atakuwa nusu mwezi wa kawaida.