Mama wa omena, Paulo na Saiprasi mbili

Siku hizi mteja akiniletea barua ya chuo cha ng'ambo, sisomi kichwa chake. Kichwa kina nembo na ngao, kinang'aa, na hakiniambii kitu. Nateremka moja kwa moja hadi kwenye anwani, natafuta maneno haya: Mersin 10, Turkey. Nikiyaona, namwambia mteja avute kiti tuongee kwanza. Printa itangoja.

Nina saiba hapa Kondele, Kisumu, mashine nne na fotokopi moja yenye hasira. Kazi kubwa ni kodi za KRA, mikopo ya wanafunzi ya HELB na huduma za serikali za eCitizen. Fomu ya pasipoti naijaza huku nakunywa chai: kurasa 34, shilingi 7,500, haya, chagua siku yako ya kwenda uhamiaji. Cheti cha tabia njema, 1,050. Viza ndizo zilinifunza adabu.

Mwaka 2022 alikuja mama mmoja anayeuza omena Kibuye, na bintiye nyuma yake ameshika bahasha. "Dada, mtoto amepata chuo Kipro," akasema. Kipro, yaani Saiprasi, kama ilivyo kwenye Biblia, kwao Barnaba. Wakala alikuwa amewaambia ni Ulaya, na kwamba binti atasoma huku akifanya kazi na kulipwa kwa euro. Mimi, mtaalamu wa mtaa, nikafungua Google nikaandika "Cyprus". Nikawasomea kwa sauti: mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu 2004, inatumia euro tangu 2008. Yote kweli. Mama akapiga makofi. Nikaskani cheti chake cha kumaliza sekondari, KCSE, nikajaza fomu ya usajili, nikatoza 300.

Kuna jambo lilinikwaruza kidogo. Watu wa Uingereza nimewajazia fomu hadi wakalia: taarifa za benki za miezi sita, barua ya mdhamini, maswali kuhusu safari ambazo hawajawahi kufanya. Huyu binti hakuulizwa lolote la aina hiyo, na hakuna ubalozi aliotumwa. Wakala akasema kwa simu, "Kule ni rahisi, wanataka wanafunzi." Nikanyamaza. Tikiti ilipokuja kwenye barua pepe, nikaiprinti kwa shilingi 10. Ilisomeka NBO (Nairobi), IST (Istanbul), ECN. Hizo herufi tatu za mwisho zilipita mbele ya macho yangu zikaingia kwenye bahasha.

ECN ni uwanja wa ndege wa Ercan, na Ercan iko kaskazini mwa kisiwa. Niliyajua haya baadaye, usiku, nikisoma kwa ile hamu ya mtu aliyeharibu. Mwaka 1974 palitokea mapinduzi yaliyoungwa mkono na wanajeshi waliokuwa wakitawala Ugiriki, kisha jeshi la Uturuki likatua, na kisiwa kikakatika. Mwaka 1983 upande wa kaskazini ulijitangaza kuwa nchi. Inayoitambua ni Uturuki peke yake. Kwa hiyo ndege za abiria za kwenda Ercan hupitia Uturuki, na hata barua hupitia mji wa Mersin, maana posta za dunia haziitambui nchi hiyo. Ndiyo hiyo Mersin 10 ninayoitafuta. Serikali ya Jamhuri ya Saiprasi, ile ya kusini yenye kiti Ulaya, inahesabu kwamba ukishukia Ercan umeingia kisiwani kinyume cha sheria. Na hizo euro nilizosoma kwa sauti ni za kusini. Kaskazini hutumia lira ya Uturuki, na lira miaka hiyo ilikuwa inaporomoka kama ukuta wa matope kwenye mvua.

Binti alikaa miezi miwili kabla ya kupiga simu ya kweli, ile isiyo ya "niko sawa, mama". Karo ilihesabiwa kwa euro, kibarua alichopata mkahawani kililipa lira. Wenzake wakamwambia kazi nzuri ziko upande wa pili, tena upande wa pili ni mtaa wa jirani tu. Nicosia, mji mkuu, umekatwa na mstari unaolindwa na Umoja wa Mataifa, na katikati ya maduka, kwenye barabara ya Ledra, pana kivuko cha kwenda kwa miguu. Akajipanga. Mbele yake watalii wenye pasipoti za Ulaya walikuwa wakipita na aiskrimu mkononi. Ilipofika zamu yake, afisa akafungua pasipoti ya Kenya, akapekua kurasa zote, akauliza viza ya Jamhuri iko wapi. Hakuwa nayo. Akarudishwa alikotoka, hatua chache tu.

Akatafuta ubalozi wetu kaskazini. Haupo, kwa sababu Kenya haiitambui nchi hiyo. Alimaliza muhula mmoja, kanisa na chama cha mama vikafanya harambee ya tikiti, akarudi.

Nisieleweke vibaya. Wapo waliosoma kaskazini wakatoka na digrii zao, na sina neno nao, mradi waliondoka wakijua wanakokwenda. Huyu aliambiwa Ulaya. Na aliyemsomea "Ulaya" kwa sauti ni mimi.

Kwa hiyo nikasoma. Anayekwenda kusini kusoma au kufanya kazi, kibali cha kuingia huombwa kwanza na chuo au mwajiri kwenye idara ya uhamiaji ya huko. Bila hicho hupandi ndege. Tikiti iseme LCA, yaani Larnaca, au PFO, yaani Pafo. Na hata hiyo viza ya kusini usiipande kama ngazi ya kwenda Ujerumani: kufikia 2025 Saiprasi ilikuwa bado haijaingia Schengen, zile nchi za Ulaya unazozunguka kwa viza moja.

Malta ni kisiwa kingine na kesi nyingine. Kuna mchungaji mmoja hapa aliyetaka kwenda kuona mahali Paulo alipovunjikiwa na meli, Melita ya Matendo 28. Paulo aliingia akiwa amelowa, akaota moto na wenyeji, hakuna aliyemwuliza bima. Mchungaji alihitaji bima ya matibabu ya euro 30,000 kwenda juu, pasipoti itakayobaki na uhai wa miezi mitatu baada ya kutoka, kurasa mbili tupu, na euro 90 za ada (zilikuwa 80 hadi Juni 2024). Malta iko Schengen tangu 2007, kwa hiyo ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Tulibishana naye juu ya hizo 180. Aliamini ukitoka kidogo ukarudi, hesabu inaanza upya. Hapana, pasta: kila siku unayokuwa huko, wanahesabu siku 180 kurudi nyuma, wanaangalia umekaa siku ngapi. Nilimchorea kwenye kalenda ya ukutani ndipo akakubali. Alama za vidole alikwenda kutoa Nairobi, basi la usiku, akarudi ameshika mgongo.

Mama wa omena bado ni mteja wangu. Hajawahi kunilaumu. Siku binti aliporudi aliniambia, "Wewe dada ulijaza fomu tu." Hiyo "tu" bado ninayo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, aliingia kutoa kopi ya kitambulisho. Walikuwa wamesoma Matendo 13, akataka nimwonyeshe kwenye ramani pale Paulo na Barnaba walipopita. Nikamgeuzia skrini. Walishukia Salami, nikaweka kidole, pwani ya mashariki. Kisha wakakata kisiwa chote mpaka Pafo, huku chini magharibi. Akavaa miwani akauliza huo mstari wa nukta nukta uliopita katikati ni wa nini. Nikamwambia ndio ule wa barabara ya Ledra. Salami imebaki juu yake, Pafo chini yake.

Akatazama kitambo. "Kwa hivyo hata Paulo wangemrudisha."

"Kama angekuwa na pasipoti ya Kenya, ndiyo."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. Nikamkataza kulipa kopi, akaiacha shilingi 10 kwenye kibodi akaenda zake.