Nilivyoandika katiba ya kikundi chetu cha misaada bila kugombanisha wenye dini na wasio na dini

Kazi hii iliniangukia kwa sababu moja tu, mimi ndo nilikuwa naandika muhtasari wa vikao, basi ikaonekana mtu wa maandishi ni mimi. Hakuna aliyeigombania. Na kikundi kilikuwa kinaenda vizuri tu bila karatasi, watu wakipatwa na mafuriko au moto tunachangishana, tunakusanya nguo, mablanketi, chakula, tunapeleka, tunarudi tumechoka na tumeridhika, sasa ibara na vifungu vya nini? Mpaka michango ilipoanza kuwa mikubwa, benki ikataka kujua nani ana mamlaka ya kusaini, afu mfadhili mmoja akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake, siku mkigombana hiyo pesa inabaki kwa nani?

Wazo la kwanza la wenzangu lilikuwa tuchukue katiba ya chama kingine tubadilishe jina tumalize. Mmoja alishaileta kabisa, kuisoma ndani kuna kifungu cha jezi na kingine cha adhabu kwa anayekosa mazoezi, kumbe ilikuwa ya klabu ya michezo. Tulicheka sana ila mimi niligoma, maana ukikopi katiba ya watu unakopi na ugomvi wao, kila kifungu cha ajabu unachokiona ujue kuna siku watu walitaka kushikana mashati. Sisi ugomvi wetu ni mwingine. Nikaomba kila mwanachama anitumie meseji ya jambo moja analoogopa litakuja kutuvunja. Sikuuliza anataka nini kiwemo, ukiuliza hivo utapata maneno mazuri kama umoja na mshikamano na upendo ambayo hayana kazi siku ya matatizo. Niliuliza anaogopa nini. Hapo majibu yakaja ya kweli, huyu anaogopa mwenyekiti atakaa milele, yule pesa, mwingine wanasiasa wakati wa uchaguzi, na wengi kuliko nilivyodhani waliandika dini.

Sasa hapa kwenye dini ndo palikula muda wote. Tulishakubaliana tangu mwanzo kikundi kisiwe cha dini yoyote, hilo halikuwa na ubishi, tatizo kila mtu alikuwa na tafsiri yake kichwani. Kuna waliodhani maana yake ni marufuku kumtaja Mungu kwenye kikao. Wengine walidhani maana yake dini zote zipewe zamu sawa, yaani tukifungua kikao zisomwe sala za kila upande, na wenzetu wachache wasio na dini wao wakae tu wasubiri. Mtu akaandika sentensi fupi, "Chama hakitajihusisha na dini", akaona kamaliza. Dada mmoja anayevaa hijabu akauliza kwa upole kabisa, mimi nikiwa nagawa mablanketi na hijabu yangu kichwani, na huyu mwenzangu ana msalaba shingoni, tumejihusisha au hatujajihusisha? Kimya. Swali zuri kuliko yote niliyoyasikia kwenye hii shughuli.

Nilichofanya nikavunja kile kifungu kikawa vitatu, kimoja cha chama, kimoja cha mtu, kimoja cha msaada. Chama hakina dini, hakifungamani na taasisi ya ibada, hakichagui kiongozi wala mwanachama kwa kuangalia imani yake. Mtu anakuja na imani yake au bila imani, havuliwi chochote wala hafichi chochote, ila akivaa kizibao chetu cha kazi hahubiri, haombei watu kwa nguvu, hagawi vipeperushi, na pia hadhihaki imani ya mtu, hicho cha mwisho wale wasio na dini walikubali wenyewe bila kusukumwa. Msaada nao hauna masharti. Hakuna anayeulizwa dini yake ndo apewe, hakuna foleni inayoanza na sala, na tukishamaliza kugawa hatumwambii mtu aje mahali fulani siku fulani. Vikao tunafungua kwa dakika moja ya ukimya, kila mmoja anaijaza anavyojua.

Waliokuwa na wasiwasi zaidi ni wale wenye dini, waliona kama wanaambiwa imani yao ni aibu. Kilichonisaidia ni mwongozo wa maadili wa mwaka 1994 wa misaada ya maafa, ule wa vipengele kumi. Kipengele cha pili kinasema msaada unatolewa bila kuangalia asili, imani wala uraia wa mpokeaji na kipaumbele kinapangwa kwa uhitaji peke yake, cha tatu kinasema msaada usitumike kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Sasa ukiangalia waliouandaa, pamoja na Msalaba Mwekundu, Oxfam na Save the Children wamo pia Caritas Internationalis, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Duniani. Yaani mashirika ya kidini kabisa yalikaa mezani yakakubali kwamba chakula kisitumike kama chambo. Niliposoma hayo majina kwenye kikao mjadala ukabadilika, kwa sababu hapo kifungu chetu hakikuonekana tena kama ni cha watu wanaochukia dini.

Bado kuna mzee mmoja akasema mbona hao wenyewe wanajiita Msalaba Mwekundu. Ilibidi tueleze kidogo, ile alama ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, kamati yao ya kwanza iliundwa Geneva mwaka 1863 baada ya Henri Dunant kushuhudia majeruhi wa vita vya Solferino wa mwaka 1859 wameachwa bila huduma. Lakini mzee naye alikuwa na pointi yake, maana alama unaweza kuitoa kwa nia moja mwenzako akaisoma kwa nia nyingine, ndo maana Waosmani, ile dola ya Kiislamu ya Uturuki, walipoingia vitani miaka ya 1870 wakatumia hilali nyekundu, yaani mwezi mwandamo, na mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, kristali nyekundu, yaani mraba mwekundu uliosimama kwa ncha, isiyo na sura ya dini wala taifa. Mjadala huu ulituokoa na jambo jingine pia, kwa sababu kijana wetu wa logo alishachora msalaba mwekundu ndani ya moyo. Alama hizo zinalindwa na Mikataba ya Geneva, ile ya kimataifa ya sheria za vita, huwezi kujichorea tu kwenye fulana zenu kwa sababu ni nzuri. Tukaweka kwenye kanuni kwamba chama hakitumii alama ya dini, ya chama cha siasa, wala alama hizo zinazolindwa. Logo yetu sasa ni mikono na ndoo, sio nzuri sana ila haina kesi.

Halafu nikakijaribu kile kifungu kwa mifano kabla ya kukipitisha, na hili ningemshauri yeyote. Nyumba ya ibada ikituletea magunia ya chakula tunapokea? Ndio, tunapokea na tunashukuru, mradi hawatupangii nani apewe na hakuna karatasi za mahubiri ndani ya magunia. Ukumbi pekee ulio mkavu baada ya mafuriko ukiwa ni wa nyumba ya ibada? Tunautumia, kama kila mtu anaweza kuingia bila kuogopa na hakuna ibada inayoendelea wakati wa kugawa, na wasioweza kuingia kwa sababu zao tunawapelekea. Mwanasiasa akitaka kuja na wapiga picha wake akabidhi mwenyewe kwa mikono yake? Hapana. Alete stoo kama watu wengine, atapewa risiti. Hapo kulikuwa na minong'ono kidogo, kuna watu walikuwa na matumaini na mwanasiasa fulani, ila ikapita.

Kwenye mifano hiyo ndo nilielewa kwa nini ile misingi saba ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, iliyotangazwa Vienna mwaka 1965, inatenganisha kutopendelea na kutoegemea upande. Mwanzoni nilidhani ni kitu kimoja kimetajwa mara mbili. Kutopendelea kunahusu anayepokea, aliyeumia zaidi anaanza hata kama ni wa upande usioupenda. Kutoegemea upande kunahusu mdomo wako na picha zako, hushabikii upande wowote ili pande zote ziendelee kukuruhusu upite. Unaweza ukagawa kwa haki kabisa, afu jioni mwenyekiti wenu akapost yupo jukwaani na mgombea, kesho mkienda upande wa pili mnarudishwa. Kwa hiyo tukaandika kwamba kiongozi wa chama anayegombea cheo cha siasa anajiuzulu uongozi kwanza, uanachama wake unabaki.

Pesa niliiandika haraka kwa sababu watu walishakuwa wanaiwazia wenyewe. Malipo yoyote yana saini mbili, wenye saini wasiwe ndugu wala mke na mume, anayeidhinisha siye anayenunua, na mhazini anasoma hesabu kwenye kila kikao hata kama hakuna kilichoingia. Mwanachama mwenye duka lake au la shemeji yake anaweza kutuuzia, hatujakataza, ila anatamka mapema na anatoka nje wakati wa kuamua, na inaandikwa kwenye muhtasari kwamba alitoka. Hesabu za mwaka zinapitiwa na mtu asiye kwenye kamati. Na lile swali la mfadhili likapata kifungu chake, chama kikivunjwa madeni yanalipwa kwanza, kinachobaki kinakwenda kwa chama kingine chenye malengo kama yetu na kisicho cha dini wala siasa, hakigawanywi kwa wanachama hata shilingi moja. Kuna aliyenuna. Alikuwa amechangia sana miaka ya mwanzo na mimi namwelewa, ila ukiruhusu wanachama kugawana mabaki tayari mmeshakuwa kampuni.

Kwenye kujitolea ubishi ulikuwa mkali kidogo, wapo waliosema mjitoleaji hapewi chochote, ndo maana ya kujitolea. Mimi sikubaliani na hilo kabisa. Ukimwambia mtu ajitolee afu ajilipie nauli na chakula, kazi itabaki ya wenye nacho, wale wanaoijua shida yenyewe watashindwa kuja. Tukaandika hakuna mshahara wala posho ya kikao kwa yeyote pamoja na viongozi, ila gharama halisi zinarudishwa kwa risiti, na pasipo na risiti kuna fomu ya kusaini watu wawili. Pia hakuna mjitoleaji anayebaki peke yake na mtoto, hakuna anayechukua fedha, zawadi au upendeleo wa aina yoyote kutoka kwa anayesaidiwa, na hasa hasa hakuna uhusiano wa kimapenzi na mtu tunayemhudumia. Hiyo nilitaka iandikwe waziwazi bila mafumbo, wazee waliona haya kuisoma kwa sauti, nikaisoma mimi.

Picha nazo. Kipengele cha kumi cha ule mwongozo wa 1994 kinataka waathirika waonyeshwe kama watu wenye heshima yao, sio vitu vya kuhurumiwa. Sisi tulikuwa na tabia ya kupiga selfi na mtu ameshika ndoo tuliyompa. Sasa hivi picha ya sura inapigwa kwa ridhaa, na anayekataa anapewa msaada wake vilevile, na anaambiwa hivyo kabla hajajibu, sio baada.

Maamuzi tuliyapanga kwa jinsi watu wetu wanavyoishi, sio kwa jinsi tungependa waishi. Akidi ya mkutano mkuu, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa wawepo, ni nusu ya wanachama hai, na mwanachama hai tukamfafanua kwa kazi au ada, vinginevyo majina ya watu waliohama zamani yangetuzuia kufanya mkutano milele. Akidi isipotimia, mkutano unaitwa tena na waliofika wanaamua, ila hawawezi kubadili katiba. Wakati wa maafa watu watatu wa kamati wanaweza kuamua kwa simu ndani ya kiwango kilichowekwa, wanatoa taarifa kikao kinachofuata, kwa sababu maji hayasubiri ajenda. Uongozi ni miaka mitatu, mara mbili mfululizo, basi. Kubadili kifungu cha kawaida ni theluthi mbili ya kura, vile vitatu vya dini na msaada ni robo tatu, maana tuliona hivyo ndo watu watakuja kuvichokonoa siku wakipata mfadhili mwenye masharti matamu.

Ilipitishwa kifungu kwa kifungu, kuna vilivyopita kwa kelele na vilivyopita watu wakiwa wamechoka, na kimoja, cha kumfukuza mwanachama, kilirudishwa kwa sababu nilikuwa sijaweka nafasi ya kukata rufaa na waliniambia ukweli. Kikaongezwa, mtuhumiwa anapewa tuhuma kwa maandishi, anasikilizwa, na rufaa yake inakwenda mkutano mkuu, kamati iliyomfukuza haipigi kura.

Katiba nzima najua wanaisoma wachache. Kwa hiyo nimetoa karatasi ya ukurasa mmoja kwa wajitoleaji wapya, ina yale ya kizibao, watoto, picha, zawadi na namba ya kupigia kama kiongozi mwenyewe ndo anavunja sheria, wanaisoma pale pale kabla ya kupanda gari, wanauliza maswali, wanasaini, nakala moja wanabaki nayo.