Siku moja maishani mwangu: kumtafuta mvamizi wa kumi na moja

Saa kumi na moja alfajiri. Friji ndiyo inayoniamsha. Ikianza kunguruma najua umeme umerudi, na kwetu Kamalondo umeme wa alfajiri hauachwi upotee: mama anawahi kupiga pasi, mimi nawahi kuchaji. Nachomeka kompyuta, nachomeka betri ya kibandani, ndipo nanawa uso.

Kwa kazi mimi ni fundi wa simu hapa Lubumbashi. Kinachonilisha ni vioo vilivyopasuka na matundu ya chaji yaliyojaa vumbi jekundu. Ila kuanzia alfajiri hadi saa tatu nina kazi nyingine isiyo na mteja: nauhamisha Space Invaders, mchezo wa video wa mwaka 1978 wa kupiga risasi wavamizi wa angani wanaoshuka kwa mistari, kutoka kwenye mashine ya ukumbini yenye ukubwa wa kabati la nguo hadi kwenye Game Boy, mashine ndogo ya michezo ya mkononi ya mwaka 1989, inayokula mawe manne madogo ya redio. Najua Game Boy ilishapata toleo lake rasmi zamani. Sijali. Mchezo ni mali ya kampuni ya Taito nami siuzi kitu. Nafanya kama fundi cherehani anayefumua koti la mwenzake aone bitana ilishonwaje.

Saa kumi na mbili. Nafungua kazi ya jana na aibu yake. Wavamizi wako 55, mistari mitano ya kumi na mmoja. Jana usiku niliwachora kwa spraiti, vile vipicha vinavyoelea juu ya mandhari, kwa sababu ndiyo njia rahisi. Nilipowasha, kila mstari ulikuwa na kumi tu, na mistari ya chini haikutokea kabisa. Wala si kosa la programu. Game Boy ina spraiti 40 kwa jumla, na katika mstari mmoja wa kioo haionyeshi zaidi ya 10. Mvamizi wa kumi na moja hana kiti.

Kuna njia ya mkato inayotumiwa na wengi: punguza safu, baki na wavamizi wanane kwa mstari, maisha yaendelee. Nilikataa, na sababu yenyewe si ukaidi (mama anasema ni ukaidi).

Tomohiro Nishikado, aliyebuni mchezo huu na mashine yake, alitumia prosesa ya Intel 8080, yenye kasi ya megahezi 2. Haikuweza kuwasogeza wote 55 kwa mpigo. Kwa hiyo kila kioo kinapochorwa upya, mara 60 kwa sekunde, anasogea mvamizi mmoja tu. Kundi zima linahitaji karibu sekunde moja kupiga hatua moja. Ukiwaua nusu, foleni inafupika, na waliobaki wanafikiwa na zamu yao haraka zaidi. Akibaki mmoja, kila zamu ni yake, anakimbia kama mwizi wa sokoni. Ile mbio inayokutoa jasho mwishoni hakuna aliyeipangia. Ni unyonge wa mashine, na Nishikado alipouona aliuacha hapohapo. Kwa hiyo ukipunguza safu umefupisha foleni tangu mwanzo, na mapigo ya mchezo yamebadilika. Ukiwasogeza wote pamoja, jambo ambalo Game Boy inaliweza kwa kuvuta mandhari nzima pembeni, umeua mchezo kabisa. Utapata picha ya Space Invaders, si Space Invaders.

Saa moja hadi saa tatu. Hapa ndipo asubuhi yangu ilipokuwa tamu. Kioo cha mashine ya zamani kina upana wa pikseli (nukta za picha) 224, cha Game Boy 160. Kila mvamizi nimemchora upya kwa upana wa pikseli 8, na kati ya mmoja na mwenzake nimeacha 4. Mstari wa kumi na mmoja unachukua 128, zinabaki 32 za kutembea kushoto na kulia. Wanaenea!

Mandhari ya Game Boy imejengwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na mvamizi anayesogea pikseli mbili mbili anakaa katikati ya vigae viwili. Basi nimeacha kutumia vigae kama vigae. Kila mstari nimeupa vigae vyake 20, ukiwa kama turubai tupu, jumla 100 kwa mistari mitano, na ninachora ndani yake pikseli kwa pikseli. Kazi kubwa? Hapana, kwa sababu anasogea mmoja tu kila mara: vigae viwili, baiti 32. Kumbukumbu ya picha inafikika kwa uhuru kioo kinapopumzika kati ya picha mbili, kama milisekunde moja hivi, na baiti 32 zinapita na nafasi inabaki. Uvivu wa mashine ya 1978 ndio uliookoa mashine ya 1989. Nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza kama nazungumza na simu.

Chai, vitumbua viwili, njia.

Saa tatu na nusu. Kibanda changu kiko karibu na soko la Kenya. (Wasomaji wa Nairobi msishtuke: Kenya ni mtaa wetu hapa, tunaenda kwa miguu.) Vioo viwili, tundu moja la chaji, simu moja iliyoanguka kwenye sufuria ya sombe. Mwenye simu hiyo anataka picha za harusi ya dada yake, simu yenyewe haimjalishi. Picha zimepatikana.

Saa saba mchana. Umeme umekatika mtaa mzima, kazi ya pasi ya kuchomelea imesimama. Nakula bukari na lengalenga, kisha nafungua kompyuta kwa betri. Tatizo jipya: kundi likifika ukingoni linashuka, na likishuka linaacha vipande. Nusu ya mvamizi huku, mguu kule. Nimekaa nalo saa nzima kabla ya kuelewa. Majirani wawili wanagawana kigae kimoja. Wa kushoto keshashuka, wa kulia bado anasubiri zamu, kigae hakiwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja.

Nimekubali kushindwa kidogo: wakati wa kushuka, na wakati huo tu, mstari mzima unashuka pamoja, kisha unaofuata juu yake. Kwa kuwa kushuka ni pikseli 8, yaani kigae kizima, inatosha kubadilisha ramani ya vigae, turubai haiguswi. Mtu aliyekulia kwenye mashine halisi huenda akaona tofauti. Hapa mtaani sijamwona mtu huyo.

Saa kumi. Umeme bado. Nafunga kibanda mapema, napita uwanja wa Mazembe, vijana wamejaa nje na fulana nyeusi na nyeupe. Sikuuliza nani anacheza.

Saa kumi na mbili jioni. Nimehamisha faili kwenye memori kadi, nimeichomeka kwenye kaseti ya mchezo ya Game Boy, nimewasha Game Boy yenyewe. Kwenye kompyuta kila kitu huonekana kizuri. Kioo halisi cha kijani kinaacha kivuli nyuma ya kila kinachokwenda mbio. Mvamizi wa mwisho anavuta mkia kama kimondo. Nilitaka kuurekebisha, nikauacha.

Mtoto wa jirani, miaka tisa, ndiye mjaribuji wangu. Hajawahi kuona mashine ya sarafu. Amekaa kizingitini, ulimi nje, anapiga. Ile sauti ya noti nne inayoshuka imeanza kuharakisha, naye ameanza kutikisa goti.

"Yaya, hii moja ya mwisho inakimbia sana!"

"Njo vile."

"Uiambie ipunguze mbiyo."

"Haisikii mtu."

Amekufa, ameanza upya. Raundi ya tatu kisahani, kile chombo cha pointi za ziada, kimepita juu, amekipiga, zimetokea pointi 300. Ameruka hadi mama akatoka jikoni. Pointi za kisahani hufuata hesabu ya risasi zako: ya 23 inatoa 300, kisha kila ya 15 baada yake. Nimeinakili hesabu hiyo kama ilivyo. Sikumwambia. Sasa anakisubiri kila kinapopita, ameacha wavamizi washuke wanavyotaka, na mawe ya redio yanaelekea kuisha.