Kompyuta ya Sebuleni Wakati wa Baridi

Mwezi Juni, Mbeya haiwahurumii watoto. Shule zimefungwa, asubuhi ukungu umeufunika mlima Loleza, upepo unakata, nao hawaoni sababu ya kutoka nje ilhali sebuleni kuna kompyuta.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe kabisa mbele ya skrini, na mwenye miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kwa kitinda mimba wangu mwenye miaka 4 naufuata bila mjadala. Dada yake wa darasa la sita ameshaupita umri huo, na kwake naona kuhesabu saa pekee hakutoshi. Ninachotazama ni kile kilichomegwa ili kompyuta ipate nafasi, hasa usingizi na michezo ya nje.

Juzi alikuwa akifanya zoezi la hisabati huku amejifunika blanketi, kompyuta mpakato mapajani, shingo imeinama, na macho hayapepesi, kwa maana mtu akikodolea skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na hapo ndipo macho hukauka na kuanza kuwasha. Tuliihamishia mezani, umbali wa mkono ulionyooshwa, na kwa kuwa miguu yake ilining'inia, tukamwekea kreti tupu la soda alikanyage. Kila baada ya dakika 20 anatakiwa kutazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Dirisha letu linatazama Loleza. Mlima ukifichwa na ukungu, huwatazama kuku wa jirani.

Hata hivyo, ninalolikazania zaidi ni kutoka nje, sweta na kofia vikiwepo, kwa kuwa tafiti zimeonyesha kwamba watoto wanaokaa nje zaidi mchana hupungukiwa na hatari ya kupata tatizo la kutoona mbali, na mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, unaizidi mno taa ya sebuleni.

Saa 2 usiku kompyuta huzimwa, maana mwanga wa skrini huchelewesha usingizi. Hapo ndipo husikia, "Baba, namalizia hii moja tu," na mama yangu, tunayeishi naye, hudakia kutoka jikoni kwamba nimwache mjukuu wake asome. Kusoma kwenyewe ni mbio za magari.