Mfarishi wa viraka: kumbe ilikuwa skrubu ya juu

Imekubali. Naandika usiku huu huu kabla sijasahau hesabu ya mizunguko ya skrubu ya cherehani, maana wiki tatu nzima nimekuwa nikiapa kwamba hili dude, blanketi la viraka la matabaka matatu, nitalikatakata liwe vishikio vya sufuria. Leo mstari wa 7 wa kushona matabaka pamoja umefika mwisho bila kukunjamana hata mahali pamoja.

Kwa kukumbuka tu: viraka 180 vya inchi 5, safu 15 za viraka 12. Mshono ni robo inchi, kwa hiyo ukishaunganisha kila kiraka kinabaki inchi 4 na nusu. Vitambaa ni makombo ya kitenge kutoka kwa fundi wa jirani, mashati ya mitumba, na leso moja kuukuu ya mama iliyokuwa imechanika pindoni. Ile leso niliikata bila kufikiria, na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, likaenda vipande vipande. Sasa nusu ya neno iko karibu na mto na nusu nyingine iko miguuni. Atakayelala atamalizia mwenyewe.

Katikati nimeweka blanketi jepesi la flisi, chini shuka ya zamani. Kamusi inaita mfarishi. Mama mkwe anaita blanketi la shida, kisha anauliza lake litakuwa tayari lini.

Kuunganisha viraka hakukunipa taabu. Taabu ilikuja kushona matabaka matatu pamoja. Nilikuwa nimepanga mistari 11 ya urefu na 14 ya kukatisha. Mstari wa kwanza nikaanza vizuri, nikafika chini nikakuta kitambaa cha juu kimebaki na ziada ya inchi moja na nusu, kimejikusanya mbele ya mguu wa cherehani kama soksi iliyoteleza. Shuka ya chini imeshaisha, ya juu bado inataka kwenda. Nikafumua. Kufumua inchi 67 kwa wembe, taa ya simu mdomoni kwa sababu stima ilikuwa imepotea, ni kazi ya kumfanya mtu ajiulize maswali.

Nikadhani ni uzi. Nikalegeza wa juu, nikakaza wa bobini, ule wa chini, nikarudisha. Hakuna. Nikabadilisha sindano, kutoka namba 14 hadi 16. Mashimo yakawa makubwa zaidi, ziada ikabaki ile ile. Nikapiga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kila upana wa kiganja, jioni mbili nzima huku githeri ikiungulia jikoni. Ziada ikapungua kidogo, lakini sasa ikawa inajificha: badala ya kutokea mwisho, inajikunja vijikunjo vidogo kati ya bandi na bandi. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu unaiona ukishamaliza.

Kisha nikafanya kosa ambalo naliandika hapa ili nisilirudie. Nilishona mstari mmoja kutoka juu kwenda chini, unaofuata kutoka chini kwenda juu, nikifikiri vitasawazishana. Havikusawazishana. Kila mstari ulivuta upande wake, na kitambaa kati yao kikapinda mshazari. Mistari yote ianzie upande mmoja, na uanze na mstari wa katikati ukienda pembeni.

Hapo katikati mvua ikaja. Tangu Januari huku Lanet, Nakuru, tulikuwa tunakula vumbi, tangi limelia kavu, maji tunanunua kwa mitungi, na kila kitambaa nilichoanika kilirudi ndani na rangi ya udongo. Mvua ilianguka jioni, ya kweli, ile ya kufanya watoto watoke nje na sufuria hata kama hakuna aliyewatuma. Asubuhi tangi lilikuwa robo tatu. Nilifua shuka zote kwa furaha, kisha nikakumbuka kwamba hakuna jua la kuzikausha. Zilining'inia sebuleni siku tatu na mimi nashona katikati yake kama mtu aliye ndani ya hema.

Mvua ilinifanyia mambo mawili. La kwanza, mkanda wa ngozi wa cherehani ulinyonya unyevu ukalegea, gurudumu la chini linazunguka la juu limelala. Nilikata sentimita moja nikaunga tena, basi. La pili ndilo la aibu. Fundi yeyote anashona kwa masikio. Cherehani ikikosea unasikia kabla ya kuona. Sasa mvua ikipiga mabati husikii chochote, hata mtoto akikuita. Nilikanyaga mstari mzima, nimetulia, najisifu kwamba safari hii unateleza. Kugeuza: mashimo matupu. Bobini ilikuwa imeisha tangu inchi ya tano. Nilishonea hewa.

Nilicheka peke yangu. Lakini ule mstari wa mashimo ulinionyesha kitu. Hata bila uzi wa chini, kitambaa cha juu kilikuwa kimesukumwa mbele vile vile! Kwa hiyo uzi hauna hatia. Sindano haina hatia. Meno ya chini yanavuta shuka, mguu wa juu umekandamiza kitenge kisiende. Swali likawa: nani anaukandamiza mguu hivyo?

Cherehani yangu ni ile nyeusi ya miguu, umbo la Singer 15 ambalo viwanda vya China vimelinakili miaka na miaka. Juu kabisa ya kichwa chake, upande wa kushoto, ipo skrubu yenye kichwa cha kushika kwa vidole. Nimeifuta vumbi tangu nilipoinunua. Sikuwahi kuizungusha. Ndiyo inayokaza springi ya mguu, na ilikuwa imekazwa hadi mwisho, pengine na mtu aliyekuwa akishona jinzi au mifuko kabla yangu.

Sikutaka kubahatisha tena. Nilikata vipande vya majaribio vya inchi 12, kitenge juu, flisi kati, shuka chini, bila pini hata moja, nikashona kila kimoja na kupima ziada. Skrubu ikiwa imekazwa: nusu inchi. Nikilegeza mizunguko miwili: robo inchi. Mitatu: milimita tatu hivi. Minne: mguu ukaanza kurukaruka, meno yanashindwa kushika, mishono mingine mirefu mingine midogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Nikarudi hadi mitatu na nusu. Kisha nikarefusha mshono, kutoka 12 kwa inchi hadi 8, kwa sababu matabaka manene hayapendi mishono ya kubanana. Ziada: unene wa ukucha.

Nilikaa nikaangalia kile kipande. Wiki tatu! Na skrubu iko hapo juu, inang'aa, naifuta kila Jumamosi.

Watu wananiambia ninunue ya umeme. Nimeshona kwenye ya umeme ya rafiki, ile nyepesi ya plastiki, na kwa nguo za kawaida sina neno nayo. Lakini ikipewa matabaka matatu inatembea mezani, na mvua ikinyesha huku stima ndiyo ya kwanza kukimbia. Ya miguu haijui stima ni nini. Uzi ndio nisiobania pesa: uzi wa bei ya chini una manyoya, yanajaa chini ya meno, na baada ya mistari miwili unatoa kitu kama panya mdogo.

Mistari 14 ya kukatisha nimeifuta kwenye mpango. Flisi si pamba ya kujaza, haikusanyiki upande mmoja ikifuliwa, kwa hiyo mistari ya urefu inatosha. Huo ndio msimamo wangu na si uvivu.

Imebaki mistari minne na pindo. Ningekuwa nimeimaliza leo, ila kijana wa boda anayepeleka mwanangu shule alijikinga mvua barazani, akaniona nikiutupa mwavuli uliovunjwa na upepo.

"Mathe, hiyo kitambaa si unaweza nishonea kitu ya kufunika kiti?"

Nikaangalia mwavuli. Vipande vinane vya pembetatu, havipitishi maji, tayari vimekatwa. Mfarishi nikausukuma kando.

Kitambaa cha mwavuli ni mjeuri. Pini huwezi, kila tundu linabaki milele, kwa hiyo nilishikiza kwa vibanio vya nguo. Sindano namba 11. Mguu unanata juu yake; niliweka ukanda wa gazeti kati, nikauchana baadaye. Na skrubu, bila shaka, nikaikaza mzunguko mmoja, maana tabaka mbili nyembamba kwa mguu uliolegea zinateleza kama samaki. Sasa nimeandika kwa penseli ukutani: mfarishi 3½, mwavuli 2½. Pembeni nimepitisha lastiki.

Shida ni mishono yenyewe. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Nimeisugua yote kwa mshumaa, ndani na nje, kisha nikapitisha pasi ya vuguvugu juu ya karatasi.

Mvua imeanza tena saa hii. Hicho kifuniko cha kiti nimekivalisha stuli nikaiweka nje, na chini ya kitambaa kuna karatasi ya daftari nione inapovuja.

Dakika 15. Katikati pakavu. Kona ya kushoto ina doa la ukubwa wa shilingi, palepale lastiki inapogeuka.