Kutoka Kolwezi hadi Mbagala: nilivyoiweza kazi ya mjini, pulingi na yote

Madereva wa transiti, sisi wa malori yanayopeleka mizigo nchi jirani, tuna dharau moja ambayo hatuisemi hadharani: anayeendesha mjini tunamwona bado hajaiva. Mimi nilikuwa nayo kubwa. Nilikuwa napiga Dar–Kolwezi kule Kongo, zaidi ya kilomita 2,000 kwenda peke yake, na nikikutana na dereva wa tipa kituo cha mafuta pale Mbezi nilikuwa namwinulia kidole kimoja, salamu imekwisha. Kwa hiyo nilipoamua kuacha safari ndefu nitafute kazi ya kulala nyumbani, kila niliyemweleza alinipa ushauri uleule: "Mjini ni kupumzika, suka (ndivyo dereva anavyoitwa kijiweni). Kama mlima wa Kitonga umeuweza, Dar utaendesha umesinzia."

Waliosema hivyo wote walikuwa hawajawahi kupiga rivasi na pulingi, lile tela kamili linalovutwa nyuma ya lori, kwenye uchochoro wa Mbagala.

Kwanza niseme kwa nini niliacha, maana mtaani kwetu ilishatangazwa kwamba nimefukuzwa. Niliacha kwa sababu ya foleni. Watu wanadhani kazi ya masafa marefu ni kuendesha, kumbe kuendesha ndiyo sehemu tamu. Dar mpaka Tunduma ni kama kilomita 930. Unapanda mizani Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole, Mpemba, unavuka hifadhi ya Mikumi kwa mwendo usiozidi 70, unapanda Kitonga unaimba. Hayo yote raha. Shida ni kusimama. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe Oktoba 2019 pale palipungua makali kiasi, lakini mbele bado kuna Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Unafika Kapiri Mposhi huko Zambia, reli ya TAZARA yenyewe imeishia hapo na kilomita zake 1,860, wewe bado una Ndola, Kitwe, Chingola na Chililabombwe. Halafu mstari wa malori unaanza kabla hata mpaka haujaonekana. Nimewahi kukaa mstari huo mpaka nikajua majina ya watoto wote wa mama anayetuuzia maji. Unapika ugali kwenye jiko la gesi la mtungi mdogo, unaoga kwa dumu, usiku unalala jicho moja liko kwenye tanki la dizeli na jingine kwenye maturubai. Simu ikishika mtandao, nyumbani wanakwambia mtoto aliyekuwa anaumwa alishapona wiki iliyopita.

Kuacha kwenyewe hakukuwa na ushujaa wala nini. Nilimaliza safari, nikakabidhi gari, funguo na nyaraka, nikaondoka. La maana nililifanya kabla: safari zangu za mwisho sikugusa posho. Nilikula magimbi, nikakataa nyama choma ya Makambako, na wanaonifahamu wanajua hiyo ni kafara. Nikalipa kodi ya nyumba ya miezi sita na ada ya watoto. Ukitaka kuhama, hamia hivyo. Mshahara wa mjini si kwamba ni mdogo kiasi cha kutisha, ila posho ya safari inakuja kwa mkupuo, na mjini pesa inakuja kwa vipande vipande na kuondoka kwa vipande hivyo hivyo. Chai, vocha, soda ya utingo, mtoto kadai daftari asubuhi maana sasa anakuona asubuhi. Mtu wa safari anajua kushika laki tano. Kushika elfu kumi kila siku ni ufundi mwingine.

Nikaanza na tipa la mchanga, mwenye gari analipa kwa tripu. Hilo sitalieleza sana. Gari lilikuwa linakaa gereji kuliko barabarani, na tripu usiyopiga hulipwi. Nikatoka.

Ndipo nikapata kwa tajiri mmoja anayesambaza saruji kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi: Mbagala, Chamazi, Mbande, mpaka Kongowe huko. Nilipoambiwa gari ni Fuso tandamu, la ekseli mbili nyuma, lenye pulingi nilicheka moyoni. Nimetoka kuvuta semi yenye ekseli tatu nyuma, karibu tani 50 gari na mzigo wake, leo nipewe Fuso?

Kwa msiojua: semi inakaa juu ya kichwa cha gari, kuna ungio moja tu. Ukirudi nyuma unageuza usukani kinyume na unakotaka mkia wa tela uende. Ukishazoea, mikono inafanya yenyewe. Pulingi ni tela kamili, lina magurudumu yake ya mbele yanayogeuka pamoja na mkono wa kuvutia. Kwa hiyo maungio ni mawili, na kile kinyume nacho kinapinduliwa. Ukichelewa kusahihisha usukani kidogo tu, mkono unajikunja kama goti, na hapo huna la kufanya ila kwenda mbele uanze upya. Kwenda mbele, Mbagala! Mbele yako bajaji zimeshajaa, mama wa mihogo kasogeza jiko, na kuna kijana asiye na leseni ya hata baiskeli anapiga bodi la gari na kukuelekeza, "Lete, lete, lete!"

Maduka mengi ya kule yako ndani, unaingia kichochoro mita kama hamsini hivi. Madereva waliotangulia walikuwa wanashusha barabarani, halafu mifuko inaingizwa kwa guta. Mwenye duka analipa makuli wa kushusha, analipa guta, analipa tena wa kupanga ndani. Analalamika kwa tajiri, tajiri anakulalamikia wewe.

Kuna dereva mmoja mkongwe, heshima yake naitunza, akanipa siri: "Kaza magurudumu ya mbele ya tela yasigeuke. Chomeka magogo pale kwenye sahani inayozunguka, pulingi linakuwa semi." Maneno matamu. Nikatafuta magogo ya mninga, nikayachonga nikayagonga kwa nyundo, utingo wangu akashangilia. Tukaanza kurudi nyuma. Mita chache za mwanzo kwa kweli lilitii, mpaka nikatoa mkono dirishani kama mheshimiwa anayeaga wapiga kura. Tulipofika kwenye kona, tani kumi na tano za saruji zikadai kugeuka na magogo yakakataa. Nikasikia mlio, nikadhani tairi. Kumbe gogo limepasuka, kipande kimeruka kikaenda kutua kwenye beseni la maandazi, sahani ikazunguka ghafla, na kona ya tela ikaondoka na nguzo ya kibanda cha fundi simu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini maandazi yale yalilipwa kwa bei ya keki ya harusi, na fundi simu alikumbuka simu ambazo sidhani kama zimewahi kutengenezwa duniani. Yule mkongwe nilipompigia akaniambia nilitumia mti mbaya.

Basi wiki nzima nikashusha barabarani kama wengine, huku nawaza. Wazo lilikuja nikiwa kwenye foleni ya kupakia. Nikaona trekta linasukuma tela dogo kwa mbele. Likisukuma. Dereva anaona kila kitu mbele ya macho yake, shingo haijamuuma, kioo hakitafuti. Nikajiuliza mimi kinanizuia nini.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia anitengenezee mdomo wa chuma mbele ya gari, wenye pini nene inayoingia kwenye ringi ya mkono wa tela. Ushike kwenye chesisi, nikamkazania, siyo kwenye bampa, maana bampa ni urembo. Ilinigharimu kama laki na ushee, mfukoni kwangu. Tajiri alipoona chuma kimetokeza mbele ya gari lake aliniuliza kama nina mpango wa kulima.

Sasa inavyokwenda ni hivi. Nafika alfajiri, kabla ya mihogo na bajaji. Tela nalikata nje kwenye eneo tambarare, mkia wake umeelekea kichochoroni, magogo mbele na nyuma ya magurudumu (magogo yaleyale, hatimaye yamepata kazi). Fuso peke yake linaingia kinyumenyume, linashusha mifuko yake 300, linatoka. Kisha nazunguka, nauelekea mkono wa tela uso kwa uso, utingo anatia pini. Mabomba ya upepo yamechomolewa, kwa hiyo breki za tela zimekamata; lile langu lina kitufe cha kuzifungua, utingo anakivuta. Tangu hapo tela halina breki, lina magogo tu na utingo anayetembea nayo ubavuni. Nasukuma polepole, gia ya kwanza, bila kukanyaga mafuta. Uzuri wake ni kwamba magurudumu ya usukani yako jirani kabisa na pini. Ukigusa usukani mkono unakusikia saa hiyohiyo. Rivasi ya kawaida magurudumu hayo yako mbali na ungio, ndiyo maana tela linakuchelewesha halafu linakushtukiza.

Siku ya kwanza mwenye duka, mama mmoja mkali sana, alikuwa amesimama mlangoni na guta lake limeshaitwa.

"Baba, gari hilo haliingii humu. Wenzako wote wameshindwa."

"Mama, naomba chai tu. Nitainywa humo ndani."

Nilikunywa. Mwenye guta alikasirika kweli, nikamlipia chapati.

Lakini jamani, usifanye hivi kwenye mteremko. Kimara sijaribu, Goba sijaribu hata nikiahidiwa nini. Na mchanga mkavu ukiwa umejaa njiani, acha, magurudumu yatazama na utashusha barabarani kama kawaida. Barabara kuu pia usisukume tela hata hatua moja. Ni kwa kichochoro na uwanja wa duka basi.

Kuna mambo ya safari yalinisaidia mjini, nisiwe mchoyo. Moja ni mizani. Transiti inakufundisha kwamba uzito wa jumla ukiwa sawa bado unaweza kukamatwa kwa ekseli. Ekseli tatu za pamoja mwisho ni tani 24, na mzigo ukisogea unapofunga breki, hesabu ya bandarini haikusaidii. Kwa hiyo hapa mjini napanga mifuko mwenyewe, sisubiri makuli waijaze nyuma kwa sababu ndiko kuna karibu. Na mifuko naihesabu kwa tabaka ingali juu ya gari, mwenye duka akiwa anaangalia, kabla hata mmoja haujabebwa. Ukianza kuhesabu inaposhuka begani mwa watu sita wanaokimbia, umeshakatwa mshahara.

Kilichonikataa ni klachi. Barabarani klachi naigusa mara chache kwa saa. Kwenye foleni ya Kilwa Road mguu haupumziki, na waliotoka safari ndio wanaoongoza kwa kuziunguza. Wanakwambia acha nafasi mbele utambae na gia ya kwanza. Sawa, acha nafasi, uone bajaji ngapi zitaishukuru.

Na usingizi. Mwezi wa kwanza nilikuwa naamka saa nane usiku, navaa kandambili, nachukua tochi naenda kukagua tanki la dizeli. Gari liko yadi kwa tajiri, Temeke, mimi niko uani Tabata namulika ndoo. Mke wangu alivumilia, halafu siku moja akaificha tochi.

Mwezi uliopita jamaa wa kampuni moja alinipigia. Semi mpya, gia zinajibadilisha zenyewe, mzigo wa Lubumbashi, kurudi na shaba. Akataja na posho. Nikamwambia anitafute masika yakianza, maana kipindi hicho ujenzi unalala na saruji haitoki. Mke wangu alikuwa anakuna nazi pembeni, hakuinua hata kichwa. Akauliza, "Masika ya mwaka gani?"